Viganja Kwenye Nguzo za Zabibu

Thobias Mazengo alikuwa anapima misumari kwenye mizani pale Mkaguzi Mwantum alipoingia dukani kwake Nkuhungu, na wala hakuacha kupima. Alimaliza, akafunga mfuko, akampa mteja, ndipo akavuta kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya na kumkaribisha mgeni. Mwantum alikaa kwa tahadhari. Koplo Erick alibaki mlangoni na daftari lake.

"Afande, karibu. Ningejua unakuja ningeagiza chai."

"Chai tutakunywa siku nyingine, Bwana Thobias. Nimekuja kwa ajili ya kovu."

"La dada? Alilipata utotoni."

Jibu lilikuja upesi mno. Kuna watu ukiwauliza kovu wanakuuliza kovu gani, la nani, kwani vipi. Huyu alikuwa nalo tayari mdomoni, na ripoti ya mtaalamu wa alama za vidole ilikuwa imefika mezani kwa Mwantum jana yake tu, saa kumi jioni. Mwantum alifungua mkoba akatoa nakala ya mkataba, akaiweka juu ya meza katikati ya makopo ya rangi.

Mkataba wenyewe ulikuwa karatasi moja. Ulisema kwamba tarehe 14 Juni 2019, Hilda Mazengo wa Hombolo alimuuzia ndugu yake wa baba mmoja, Thobias Mazengo, shamba lake la ekari sita pamoja na kila kilichomo. Chini kulikuwa na sahihi ya Thobias, sahihi ya shahidi mmoja, na dole gumba la kulia la Hilda kwa wino wa bluu. Hilda alifariki mwezi Machi mwaka huu. Arobaini ilipopita tu, Thobias akautoa mkataba huo na kumwandikia mume wa marehemu barua ya kumtaka aondoke shambani ifikapo Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

Mume huyo ndiye aliyeifanya kesi iwe ngumu. Aliitwa Prasert, Mthai, aliyekuja miaka kumi na saba iliyopita kununua mawe mekundu kwenye vilima vya Mpwapwa, akayaacha mawe akamfuata Hilda. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania, kwa hiyo hati ilikuwa na jina la mke peke yake. Ndoa yao ilikuwa ya ng'ombe na vigelegele, bila cheti, mpaka Novemba 2020 walipokwenda kuiandikisha rasmi. Baada ya siku hiyo Hilda asingeweza kuuza nyumba na shamba la familia bila mumewe kuridhia kwa maandishi. Kabla ya siku hiyo, kwa karatasi, Hilda alikuwa mwanamke asiye na mume. Kesi nzima ilikalia tarehe.

"Mtaalamu anasema hili dole ni la Hilda kweli," Mwantum alisema. "Amelilinganisha na lile aliloweka kwenye fomu ya hospitali kabla hajafa, mkono ukiwa hauwezi tena kushika kalamu. Ni lenyewe."

Thobias alipumua. "Nilikwambia, Afande."

"Ulinambia. Sasa angalia hapa." Aligusa alama kwa ncha ya kalamu. Mstari mweupe ulikata dole kwa mshazari, toka ukingoni hadi katikati. "Hapa wino haukushika. Kovu hili alilipata lini?"

"Alikuwa na miaka kumi, mimi nane. Tulikuwa tunavuna uwele, mundu ukamteleza. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

"Nani mwingine aliona?"

"Mama. Marehemu."

"Na huyu shahidi wa mkataba, Mzee Abeli?"

"Naye marehemu. Mwaka juzi."

"Mashahidi wako wote wako makaburini, Bwana Thobias."

"Ndiyo umri, Afande. Hata mimi najiandaa."

Erick alikohoa kuficha kicheko. Mwantum hakucheka.

"Mumewe anasema alijikata Mei 2021 kwa mkasi wa kupogolea zabibu."

"Mchina atasema anachotaka. Anataka shamba."

"Ni Mthai."

"Wote wale wale."

"Na kwa nini aliweka dole, hakuandika jina?"

"Mwaka huo alikuwa bado hajui kuandika. Alijifunza baadaye, ukubwani. Uliza mtu yeyote Hombolo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkera Mwantum. Uongo wa Thobias, kama ulikuwa uongo, ulikuwa umepangwa juu ya mambo ya kweli. Kwenye cheti cha ndoa cha 2020 Hilda aliandika jina lake kwa herufi kubwa zilizoyumba. Kitambulisho cha taifa hakuwahi kupata, kwa sababu kila alipokwenda kuandikishwa mtandao ulikuwa chini, mpaka akachoka. Kidonda chake, mkasi au mundu, kilitibiwa nyumbani, na hakuna hospitali iliyokiandika. Hapakuwa na alama nyingine yoyote ya dole lile kabla ya ile ya hospitali. Palikuwa na neno la kaka dhidi ya neno la mume, na mume alikuwa mgeni.

"Usisafiri," Mwantum alimwambia akisimama.

"Niende wapi? Ijumaa nahamia shambani."

* * *

Hombolo iliwapokea kwa upepo wa Juni, ule upepo wa Dodoma unaokuvua kofia huku jua likikuchoma shingo. Mwenyekiti wa mtaa, Mama Hana, alikuwa anawasubiri njia panda akiwa na kitenge begani na rejista kwapani. Alikuwa Mgogo wa makamo, mwenye uso usiotoa kitu bure.

"Mbukwa," alisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama. Umejua vipi tunakuja?"

"Gari la polisi likipita pale shule, simu yangu inalia mara nne. Twende. Leo Pulaseti hajala."

Hivyo ndivyo walivyomwita wenyeji, na mwenyewe alikuwa ameshaacha kuwasahihisha. Walimkuta amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya matofali ya kuchoma, mtu mwembamba wa miaka sitini hivi, kofia ya majani mkononi. Alisimama, akaunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, kisha akasema "karibuni" kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kigogo kuliko ya kwao. Nyuma yake kulikuwa na masanduku matatu yaliyofungwa kamba.

"Umeshafunga?" Mwantum aliuliza.

"Nimefunga nguo. Zabibu hazifungiki." Aliangalia shambani. "Na Hilda yuko pale, nyuma ya tangi la maji. Nimemuuliza Thobias kama nitaruhusiwa kuja kufagia kaburi. Amesema nipeleke maombi."

Mwantum alikuwa amepeleleza wizi, mauaji na utapeli wa viwanja usio na idadi, lakini mtu kuomba kibali cha kufagia kaburi la mkewe alikuwa hajakutana naye. Aliomba aonyeshwe shamba kabla jua halijapanda sana, apige picha za maendelezo kwa ajili ya jalada. Ilikuwa kazi ya kawaida tu, ya kujaza fomu.

Ardhi yenyewe, Mama Hana alieleza njiani, baba yao alimpa Hilda kwa sababu hakuna aliyeitaka. Ilikuwa na magadi, hata mtama ulikuwa unaona haya kuota. Prasert alileta samadi kwa mikokoteni miaka miwili kabla ya kupanda mche wa kwanza. "Tulimcheka," alisema Mama Hana. "Mimi nilicheka kuliko wote."

Sasa mizabibu ilikuwa imesimama kwa mistari iliyonyooka, majani yamefunika waya, na kati ya mstari na mstari udongo ulikuwa umelimwa kama umechanwa kwa kitana. Waya zilishikwa na nguzo za zege, fupi na imara, kila baada ya hatua tano. Erick alianza kupiga picha. Alipofika nguzo ya pili alishusha kamera.

"Afande, nguzo zina namba. Hii 2562. Na hii nayo 2562." Alisogea nguzo ya tatu. "Zote 2562. Sasa hizi zimehesabiwaje?"

"Labda namba ya kiwanja," Mwantum alisema bila kugeuka. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa jirani, ameegemea nguzo kumwaga mchanga kiatuni, na kiganja chake kilikuwa kimezama mahali.

Alikitoa mkono, akatazama. Kwenye uso wa zege kulikuwa na kiganja. Vidole vitano vilivyotanuliwa, mstari wa maisha, mpaka pete ya kidole cha nne ilikuwa imeacha duara lake. Chini yake kulikuwa na kiganja kingine, kirefu zaidi, cha mwanamume. Chini ya viganja, kwa msumari, mtu alikuwa ameandika 2561. Mwantum alikwenda nguzo ya mbele, akakuta viganja viwili. Ya mbele yake, viwili. Alitembea hatua tano, tano nyingine, tano nyingine, na kila alipopeleka macho viganja vilikuwa vinamngoja, cha mwanamke juu, cha mwanamume chini, mpaka mwisho wa shamba.

Alisimama huko mwisho akageuka. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga nguzo kwa ubavu, na kila kiganja kilikuwa kimejaa kivuli chake. Mistari kumi na nne. Nguzo thelathini kila mstari. Mwantum alijaribu kuzidisha akashindwa, akaacha. Alijiona mdogo, tena bila aibu yoyote. Erick, kijana asiyeishiwa maneno, alikuwa amevua kofia na hakujua kuwa ameivua.

"Nani alifanya hivi?" Mwantum aliuliza.

"Hilda," Prasert alijibu. "Mwaka wa kwanza tulikwenda kwa wakili mjini. Wakili akasema, mama, huyu mumeo hawezi kuandikwa kwenye ardhi, lakini jasho lake linahesabika. Tunza ushahidi wa kila alichofanya hapa. Hilda hajui kusoma. Njiani akanambia, karatasi italiwa na mchwa, na ikinusurika itasomwa na mtu mwingine kwa faida yake. Baba yangu alikata ng'ombe wake masikio, kila mtu akajua wa nani. Mimi nitaweka alama kwenye nguzo."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, Julai, baada ya mavuno, tunaongeza mstari mmoja. Tunamwaga zege kwenye kibao, tunapaka saruji laini juu, anaweka mkono wa kulia, naweka wangu wa kulia, naandika mwaka."

"Mwaka gani ni 2561?" Erick aliuliza.

Prasert alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kwetu tunahesabu kutoka kwa Buddha. Toa mia tano arobaini na tatu. Mkono wangu ulizoea hivyo, Hilda akasema acha, hakuna wa kuiga."

Erick alitoa kwa kidole hewani. "Elfu mbili kumi na nane."

"Ndiyo."

Mwantum alikuwa ameshaacha kusikiliza. Kitu kilikuwa kimemgonga kichwani, kikubwa na chepesi, na alikiogopa kidogo kwa jinsi kilivyokuwa rahisi. Alivuka mstari, akapiga goti mbele ya nguzo ya kwanza ya 2562, mwaka 2019. Akapeleka uso karibu na dole gumba la kiganja cha juu. Saruji laini ilikuwa imeshika kila kitu, mikunjo ya kiungo, ukingo wa kucha, mistari myembamba ya ngozi. Dole lilikuwa laini, halina dosari.

"Bwana Prasert. Mstari huu mliumwaga mwezi gani?"

"Julai. Kila mwaka Julai."

Julai 2019. Mkataba ulikuwa wa Juni. Aliinuka, akaenda mstari wa 2563. Laini. Akaenda mstari wa 2564, na kabla hajapiga goti alishaliona. Katikati ya dole, kwa mshazari, kulikuwa na kinundu chembamba cha saruji kilichoinuka kama uzi.

"Erick. Njoo uone, usiguse."

Erick aliinama. "Kimeinuka. Kovu si linabonyea, Afande?"

"Kwenye ngozi linabonyea. Ukilibonyeza kwenye saruji mbichi, saruji inaingia kwenye shimo lake, ikikauka inabaki imesimama. Kwenye wino linaacha mstari mweupe, kwenye saruji linaacha ukuta." Alitoa nakala ya mkataba akaishika kando ya nguzo. Mstari mweupe ulianzia ukingoni, ukaishia katikati. Ukuta wa saruji ulianzia ukingoni, ukaishia katikati. "Nenda nguzo inayofuata."

"Lipo."

"Inayofuata."

"Lipo, Afande."

Walikwenda hivyo mpaka mwisho, nguzo thelathini. Kovu lilikuwepo kwenye zote. Wakarudi kwa mstari wa 2563, nguzo thelathini, kwenye zote halipo. Wakaenda 2562. Halipo. Mwantum alikuwa ameona maabara za kisasa zenye mashine za kutoka ng'ambo, lakini ushahidi wa namna hii hakuwahi kuusikia hata kwenye kozi. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameacha kalenda ya mkono wake mwenyewe, mwaka kwa mwaka, na ilikuwa imesimama hapa kwenye jua ikishikilia waya, watu wakipita na ndoo za zabibu bila kuiangalia mara mbili. Alimwonea marehemu fahari kama ndugu yake wa damu.

Lakini alikuwa mpelelezi, na furaha kazini alikuwa haiamini. "Wakili wa Thobias atasema nguzo hizi umezimwaga juzi," alimwambia Prasert. "Wewe ndiye fundi, wewe ndiye mwandika miaka."

Mama Hana ndiye aliyesogea, akafunua majani kwenye nguzo ya 2562.

"Mwanangu, angalia mti."

Shina la mzabibu, nene kuliko mkono wa mtu, lilikuwa limeinuka likibanwa na nguzo, na miaka yote hiyo lilikuwa limenenepa na kuzunguka. Ganda lake lilikuwa limemeza kona ya zege pamoja na waya, na kufunika ncha ya kidole kidogo cha Hilda. Ungetaka kuitoa nguzo ile ungelazimika kukata mti.

"Nguzo ilikuwepo kabla mti haujanenepa," Mama Hana alisema. "Hilo hata mbuzi anajua. Na mimi mwenyewe nilichanganya zege ya mwaka ule alipojikata. Alikuwa na kitambaa, akakivua ili aweke mkono. Nikamwambia acha, kidonda hakijakauka vizuri. Akasema mkono uandikwe ulivyo."

"Kwa nini hukuja kusema?"

"Nani aliniuliza? Mliuliza mkataba. Mkataba mimi siujui."

Mwantum aliikubali lawama hiyo. Akaanza kazi. Bwana shamba aitwe kutoka wilayani, akadirie umri wa mashina kwa maandishi. Nguzo tisa, tatu za kila mwaka, zizungushiwe utepe. Erick apige picha na rula pembeni, kisha anyunyize poda na kumimina plasta kunakili madole. Mama Hana asaini kila ukurasa wa fomu ya ushahidi, naye alisaini polepole, akisoma hata pale palipoandikwa jina la kiwanda cha uchapaji.

Walipokuwa wanafunga utepe kwenye nguzo za 2564, Mwantum aliona kitu kilichompita mwanzoni. Ubavuni mwa nguzo, pembeni ya vile viganja viwili, kulikuwa na cha tatu. Alirudi nyuma mistari, akifuatilia. Kilianzia 2556, kidogo sana, cha mtoto wa miaka saba. Mwaka uliofuata kilikuwa kimekua. Kila mstari kikaongezeka kidogo, vidole vikarefuka, mpaka kwenye mstari wa mwisho kilikuwa kinakaribia kulingana na cha Hilda.

"Huyu nani?"

"Anitha," Prasert alisema. "Mtoto wa Thobias. Mama yake aliondoka akiwa mdogo, Thobias akamleta kwa shangazi yake. Sisi hatukupata mtoto. Amekaa hapa shule yote, sasa yuko hapo chuoni Hombolo. Ndiye aliyemfundisha Hilda kuandika jina."

Simu ya Mwantum ililia. Alikuwa wakili Respicius, ambaye kwa wiki mbili alikuwa amemnyima hata salamu ndefu. Hilda alikwenda kwake mwaka 2022 kuandika wosia, ukatiwa lakiri na kuhifadhiwa serikalini, na Respicius alikataa katakata kusema kilichomo mpaka ufunguliwe kisheria. Sasa alisema umefunguliwa asubuhi ile, na alimsomea. Ulikuwa na vifungu viwili. Mwantum alimwomba arudie jina lililomo kwenye kifungu cha kwanza, ingawa alilisikia vizuri.

Alikata simu, akapiga nyingine hospitali alikolazwa Hilda na kuongea na muuguzi wa wodi, ndipo akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akamwambia Erick ampigie Thobias aje shambani sasa hivi, kuna jambo kuhusu kuhamia.

* * *

Thobias alifika saa nane kwa pikipiki ya kukodi, ameshika futi kamba. Alikuwa amekuja kupima. Mwantum hakumkaripia. Alimpeleka mstari wa 2562, akamwonyesha dole. Akampeleka 2563. Akampeleka 2564, akamwachia nakala ya mkataba mkononi.

Thobias alitazama nguzo, akatazama karatasi, akatazama nguzo. Alikwenda nguzo ya pili peke yake, kisha ya tatu. Kwenye ya tano alisimama. Miaka yote hii alikuwa amekuja hapa Krismasi na misibani, na hakuwahi kuingia ndani ya mistari.

"Dole lenye kovu lisingeweza kugusa karatasi mwaka 2019," Mwantum alisema. "Kovu lilikuwa halijazaliwa. Lini ulimshika kidole, Bwana Thobias?"

Thobias aliikunja nakala mara mbili.

"Muuguzi wa zamu anakumbuka ndugu aliyekuja na kidau cha wino akasema ni mambo ya bima. Nitamleta akutazame?"

"Februari," Thobias alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Alikuwa amelala kwa dawa. Wino wa hospitali ulikuwa haujamtoka vizuri kidoleni, nikaona ukiongezeka hakuna atakayejua. Tarehe nilirudisha nyuma ya ile ndoa yao."

"Kwa nini?"

"Nilisikia amekwenda kwa wakili. Nikajua amemwandikia yule." Hakumtazama Prasert, aliyekuwa amesimama mbali kidogo karibu na tangi. "Ardhi ya baba yangu, Afande. Baba alichunga ng'ombe hapa. Leo anakufa mtoto wake, shamba linakwenda kwa mtu aliyekuja na ndege? Na mimi nina binti anasoma, sina cha kumwachia zaidi ya misumari. Nilisema bora niitwe mwizi kuliko mwanangu aje kupanga chumba kwenye ardhi ya babu yake."

Aliyasema kwa uchungu wa kweli, na Mwantum alimwamini. Hilo ndilo lililomfanya aone vigumu kuendelea.

"Mgeni hawezi kurithi ardhi," alisema. "Sheria haimruhusu. Hilda alilijua hilo kuliko wewe, alilipia wakili amweleze. Wosia umefunguliwa leo. Bwana Prasert amepewa haki ya kuishi hapa na kuvuna zabibu mpaka siku atakapokufa, na azikwe kando ya mkewe. Basi. Ardhi hakupewa."

"Alipewa nani?"

"Anitha."

Thobias aliguna. "Anitha yupi?"

"Wa kwako."

Upepo ulipita kwenye majani. Thobias alibaki ameshika nguzo, na Mwantum alimwona anapoanza kukitambua kile kiganja cha tatu kilichokuwa chini ya mkono wake, akakifuata kwa macho mpaka nguzo inayofuata, na inayofuata. Mama Hana alifungua rejista akaifunga tena bila kuandika.

"Kama mkataba wako ungesimama," Mwantum alisema taratibu, "wosia usingekuwa na kitu cha kugawa. Ungekuwa umemnyang'anya yeye."

"Asiambiwe," Thobias alisema. "Afande, nifunge. Nakubali, nitaandika kila kitu. Ila yeye asiambiwe."

"Yeye ndiye mwenye mali. Yeye ndiye mlalamikaji sasa, si Bwana Prasert. Lazima aandike maelezo. Nimeshatuma aitwe chuoni."

Thobias alifungua mdomo, lakini msichana alikuwa ameshaingia kwenye mstari. Alikuwa anakuja haraka katikati ya mizabibu, begi la chuo begani, mkono mmoja ukipapasa nguzo kila alipopita, kwa mazoea, bila kuzitazama. Alimpita Erick, akampita Mwantum kwa kuinamisha kichwa, akasimama mbele ya baba yake na kupiga goti kidogo kama alivyolelewa.

"Shikamoo baba."

Thobias alimtazama. Midomo ilicheza, neno halikutoka.

Anitha alidhani upepo umeichukua salamu yake. Akasogea hatua moja, akapiga goti tena, akarudia kwa sauti zaidi.

"Baba, shikamoo."